Usiniambie Aliyeua

Ukurasa wa 9, pembeni mwa aya ya pili, mtu alikuwa ameandika kwa wanja: NI SHEMEJI.

Mteja aliyenionyesha alikuwa chini ya draya, kichwa kimejaa rola, jicho limemtoka. Alikuwa amelipia wiki nzima na amesoma kurasa nane tu. "Dada, hiki chukua, na mia tano yangu naomba," akaniambia. "Umenikodisha gazeti la jana." Nikamrudishia hela yake. Halafu nikachukua pamba na asetoni ya kufutia rangi ya kucha, nikajaribu kuusafisha ule ukurasa. Wanja ulitoka, na wino wa kitabu ukatoka nao. Sasa pale pana duara jeupe, na kila anayefika hapo anajua kuna jambo lilifichwa. Kwa msomaji wa upelelezi hilo nalo ni baya, karibu sawa na kuambiwa.

Nina saluni Sinza, viti vinne, draya mbili, wasusi watatu. Kwenye kona lipo kabati la vitabu kama mia na hamsini, vingi ni riwaya za upelelezi na zile za mapenzi yenye taharuki, ambazo ndani yake kuna maiti na kuna busu na hujui kipi kitatangulia. Majuzi rafiki yangu mwenye saluni Mbagala alinipigia kuniuliza aanzeje la kwake. Nilimweleza mpaka salio lake likaisha, ndipo nikagundua kuwa karibu yote niliyomwambia ni makosa niliyoyafanya mwenyewe. Nikaona bora niyaandike.

Sikupanga kuwa na kabati. Baba alipofariki 2020, ndugu waligawana walichogawana, mimi nikaangukiwa na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na vitabu alivyokuwa akisoma zamu za usiku, alipokuwa mlinzi wa ghala Kurasini. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ile iliyotoka 1974, jalada baba amelishona kwa uzi wa gunia. Vya Ben Mtobwa vinne, vyote vya mpelelezi wake Joram Kiango. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, kitabu cha 1960, kile cha mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Na James Hadley Chase wa Kiingereza lundo zima, kila jalada lina mwanamke aliyesahau nusu ya nguo zake. Mama alitaka nivitie moto kwa ajili ya majalada hayo. Nikavipeleka kazini, nikavipanga kwenye rafu ya mafuta.

Kusuka rasta ndogo ni saa tano, saa sita. Simu inaisha chaji, umeme unakatika, na umbea nao una mwisho wake. Siku ya tatu nikamwona mteja kasukwa, kalipa, lakini haondoki. Kasimama mlangoni anasoma. Akaniomba aondoke nacho, nikamruhusu, na hajakirudisha mpaka leo.

Vitabu sita vilitoka hivyo bila kuandika jina la mtu. Vitatu sikuviona tena, na kimojawapo kilikuwa na sahihi ya baba ndani. Siku hizi mteja anaacha amana ya bei ya kitabu. Akikirudisha namrudishia, nakata mia tano ya wiki. Mwanzoni niliona aibu kumdai amana mtu ambaye nusu saa iliyopita nilikuwa namwosha nywele. Aibu hiyo niliilipia.

Kosa lililofuata lilikuwa na hela zaidi. Upatu ulipofika zamu yangu, nikatoa laki moja na nusu nikaenda Posta, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara. Nikanunua kwa macho. Jalada lina bastola na waridi, weka. Jalada lina mwanamke anakimbia usiku, nyuma yake jumba kubwa, dirisha moja linawaka taa, weka. Nikarudi na vitabu thelathini na nane. Kumi na vitatu havijawahi kuazimwa na mtu yeyote, mimi nikiwemo. Vingine vilikuwa sehemu ya tatu ya mfululizo, humo watu wanamlilia marehemu ambaye hatujawahi kutambulishwa. Vingine Kiingereza chake kilikuwa kigumu kwa mtu ambaye wakati huohuo anavutwa nywele. Na kimoja hakikuwa na mwisho.

Hicho kisicho na mwisho nilikipeleka mwenyewe mikononi mwa mteja wangu wa benki. Alikisoma siku nne, akaja Jumamosi asubuhi saluni imefurika, mimi namtia mtu dawa. "Wote wamekusanywa sebuleni," akasema bila salamu. "Inspekta kasimama. Kasema, aliyemuua bibi huyu yumo humu ndani. Halafu nageuza ukurasa, jalada." Saluni nzima ikanyamaza. Kisha wakaanza kumhoji. Nani alikuwa na ufunguo? Nani alirithi? Chai ilipikwa na nani? Mpaka saa saba mchana walikuwa wamekubaliana kuwa ni mtunza bustani, isipokuwa msusi wangu mkubwa aliyeshikilia ni daktari, kwa sababu "daktari kwenye hadithi hawekwi bure." Ilikuwa Jumamosi tamu kuliko zote, lakini ile dawa ilimkaa yule mteja mwingine kupita muda wake na nilimsuuza bure.

Mapenzi matupu yakikosa kurasa tano za mwisho, msomaji anajimalizia mwenyewe, anajua wataoana. Upelelezi ukikosa hizo, huna kitabu. Kwa hiyo nikienda kununua nafungua nyuma kwanza, naziba maandishi kwa kiganja, naangalia namba na nafasi tupu inayobaki chini ya ukurasa wa mwisho. Maandishi yakijaa mpaka chini, nakitilia shaka. Halafu nakikunja kidogo katikati nisikilize. Gundi ya majalada laini ikishakauka, kitabu kinalia kama mlango, na baada ya wasomaji wawili kurasa zitatoka kwa mafungu.

Na lipo kosa ambalo lingeweza kunifikisha pabaya. Kimoja cha vile vya Mtobwa kilikuwa kinagombewa, nikakipeleka kwenye fotokopi, nikatoa nakala tatu, nikazivika nailoni, nikajiona mjanja. Mteja mmoja mwanasheria akazikuta. Hakunisema mbele za watu. Alingoja tubaki wawili, akanieleza taratibu kwamba ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwamba Mtobwa alifariki 2008 lakini haki ya vitabu vyake haikuzikwa naye, inaendelea miaka hamsini, ni ya warithi. "Unakula cha watoto wa marehemu, dada yangu." Nikazichana jioni ileile. Elfu kumi na nane, na soni juu yake. Vitabu vingine vya zamani huchapwa upya, kwa hiyo siku hizi nazunguka kwanza maduka ya vitabu ya mjini.

Daftari la maoni lilianza kwa sababu nilikuwa mshauri mbovu. Kila mtu alikuja kuuliza kipi kizuri, nami nikasema "hiki kitamu" kwa vyote, kama muuza maembe. Ikafika mahali nikakisifia kitabu nisichokisoma. Kilikuwa cha kijana wa mtaani kwetu, kajichapishia kwa hela zake, kaniachia nakala kumi, na dada yake ni rafiki yangu. Nikauza saba kwa mdomo. Wanunuzi wanne waliniambia kila mmoja kwa wakati wake kwamba mtu anauawa sura ya kwanza, na sura ya nane anapiga simu. Si kwamba alifufuka, mwandishi alimsahau. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo nikisema kitabu ni kizuri, watu wanatabasamu tu. Na yule kijana sikumsaidia, maana hakuna aliyemwambia mpaka alipokwishachapa.

Basi nikanunua kaunta buku la kwaya tatu, nikalifunga kwa kamba kwenye mguu wa kabati pamoja na kalamu yake. Maoni ya mwezi wa kwanza: "Kizuri." "Kizuri sana." "Kitamu." "Mungu ambariki mwandishi azidi kutuandikia." Mwandishi huyo alikuwa Mwingereza aliyekwisha kufa mimi sijazaliwa.

Swali langu ndilo lililokuwa bovu. Ukimuuliza mtu kitabu kikoje, anakujibu kwa adabu, kama umemuuliza habari za nyumbani. Nikayabadilisha yakawa matatu. Ulishuka kituo gani, yaani kama hukukimaliza, uliachia ukurasa upi? Ulimshuku muuaji kuanzia ukurasa gani, bila kumtaja? Na la tatu alilileta msusi wangu mkubwa kwa utani tu: huyu mwanaume, ungempokea awe shemeji yako?

Hapo daftari likaanza kusema. "Nimeshuka ukurasa wa 40, watu tisa wote majina yanaanza na M." "Nilimshuku ukurasa wa 15, ndiye pekee aliyesifiwa tabasamu." "Shemeji gani anapekua pochi ya mtu? Arudi kwao." Mwingine aliandika kwamba alimaliza kitabu kwenye mwendokasi, akapitilizwa Kimara mpaka gari lilipogeuza, na hajutii nauli.

Yapo na maoni yasiyoandikwa. Saluni ni mahali pa mafuta, na vitabu vyangu vyote vina alama za madole gumba. Ukikiinua kitabu juu ya mwanga unaona ni ukurasa gani mtu alisita akaushika muda mrefu. Kurasa za maiti zina alama ndogondogo za haraka haraka. Za busu zina dole zima.

Baada ya mwaka nikawaona wasomaji wangu wamekaa makundi mawili, na kila kundi linadhani lingine limesoma kitabu tofauti. Moja linauliza nani kaua. Jingine linauliza kama wawili wale wataishia pamoja. Dada wa benki ni wa kundi la kwanza. Mapenzi kwake ni foleni ya Ubungo, anakaa tu anangoja iishe safari iendelee. Mama mwenye duka la vitenge ni wa pili. Maiti kwake ni kisingizio cha kuwakutanisha wawili ndani ya gari moja usiku wa mvua, na nimemkuta akiruka mahojiano ya polisi kurasa tatu tatu kwa kulowesha kidole. Hata bastola ikiwekwa kwenye paji la uso la mpenzi, yeye hatetemeki. "Steringi hafi," anasema, anafunua. Kwa vile vitabu vya Mills & Boon, nyumba ya kuchapisha riwaya za mapenzi iliyoanzishwa London 1908, yuko sahihi: huko mwisho mwema ni ahadi, na ukiuvunja msomaji anaona kaibiwa. Lakini siku moja nikampa Hadley Chase bila kumwonya. Aliporudi aliniwekea kitabu juu ya meza, hakunisalimia, akaenda kusukwa na mtu mwingine.

Toka hapo simuulizi mteja mpya anapenda nini. Namuuliza filamu ya mwisho iliyomkera, ilimkera kwa nini. Akisema "walimuua yule dada mwishoni," najua pa kumpeleka. Akisema "nilishajua tangu mwanzo," najua pia.

Mimi mwenyewe nina upande, na sioni haja ya kuuficha. Naona riwaya ya mapenzi na taharuki inasimama pale mpenzi mwenyewe anapokuwa mshukiwa. Unampenda, na kwa sababu hiyohiyo unakagua kama milango imefungwa. Kama unaweza kuyakata mapenzi yote kwa mkasi na upelelezi ukabaki ulivyo, basi yalikuwa mapambo tu, kama shanga za kwenye rasta. Ndiyo maana wateja wangu wanamtetea Nuru, mpenzi wa Joram Kiango: yumo kazini, hatari ikija inamkuta naye yupo. Kwa Willy Gamba, mpelelezi wa Musiba, daftari lina ukali. Mmoja aliandika, "Kaka kila mji ana mtu. Kazi anaifanya saa ngapi?" Baba angelichana hilo daftari.

Mfano wangu wa mpenzi wa kushukiwa ni Rebecca ya Daphne du Maurier, ya 1938. Binti anaolewa na mjane tajiri, anaingia kwenye nyumba ambayo mke wa kwanza bado anatawala akiwa kaburini. Msimulizi wa kitabu kile hatajwi jina hata mara moja, mwanzo mpaka mwisho. Wateja watatu wamenifuata, kila mmoja kwa siku yake, kuniuliza kama nakala yangu ina kurasa zilizochomoka.

Aliyetufundisha kulalamika kwa hoja ni Mwalimu, mama mstaafu anayekuja kupaka rangi nywele kila mwisho wa mwezi. Nilimpa hadithi moja ya taharuki, ya aina ile inayotoka sehemu kwa sehemu, ambamo sura ya mwisho inafichuka kuwa muuaji alikuwa na pacha aliyelelewa Bukoba. Pacha huyo hakutajwa popote kabla ya hapo. Mwalimu aliandika nusu ukurasa kwa kalamu nyekundu, kama anasahihisha insha: kwamba padri Mkatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, aliweka amri kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, na amri ya kumi inakataza pacha kuzuka bila msomaji kuandaliwa. Akaongeza kwamba njia za siri nazo padri karuhusu moja tu. Akampa mwandishi 38 kwa 100 na kuandika "Aonane nami."

Tulicheka, lakini tangu siku ile maoni yalibadilika. Watu wakaanza kurudi nyuma kutafuta kama kidokezo kilikuwepo. Kumbe wateja wangu hawachukii kudanganywa, wanakuja kwa ajili hiyo. Wanachokataa ni kudanganywa kwa kitu ambacho hawakuonyeshwa. Agatha Christie aliwagawa wasomaji hivyohivyo 1926 kwa kitabu chake cha kifo cha Roger Ackroyd. Wapo waliosema kacheza rafu, wapo waliosema kila kitu kilikuwa mezani. Kwa nini walisema hivyo sitaeleza, maana nimeshatozwa.

Ipo faini ya elfu mbili kwa anayemtaja muuaji, kwa mdomo au kwa maandishi, niliiweka baada ya lile tukio la wanja. Wa kwanza kuilipa nilikuwa mimi. Nilimwambia mteja, "Ngoja ufike anapobadilika yule mjomba," nikadhani sijasema kitu. Kusema "mwisho utashangaa" nako ni kusema, kwa sababu msomaji mzoefu akiambiwa atashangaa anamwacha kila mwenye sura mbaya anamtazama mpole.

Na mwenye wanja alikuja kujulikana. Alikuwa msusi wangu mdogo. Nilimwuliza kwa nini, akajibu bila kona: "Nikifika utosini nataka kichwa kinyooke, dada. Wao wameinamia maiti. Mistari inapinda, halafu lawama zangu." Akaona mteja akishamjua muuaji ataweka kitabu chini. Kwa hili niligawa makosa nusu kwa nusu. Nilimnunulia stendi ndogo ya mbao, ile ya kuwekea Kurani au Biblia, tukaipandisha juu ya stuli, sasa mteja anasoma kichwa kikiwa wima. Ukitaka vitabu saluni kwako, anza na hiyo stendi kabla ya kabati.

Sasa lile ninaloona uzito kulisema.

Ilikuwepo riwaya moja ya Kiingereza, jina naliacha, ambayo ilikuwa haikai kabatini. Mwanaume anapanga nyumba mkabala na ya dada mmoja, anamtazama. Anajua anakula nini, anarudi saa ngapi. Anapekua simu yake. Anampiga kijana aliyemsindikiza mpaka kituoni. Mwisho wake muuaji ni mtu mwingine, huyu mtazamaji ndiye anayemwokoa, wanaoana. Daftari lilijaa. "Ningempokea, na mahari namsamehe." "Ndo kupendwa huko sasa." Mimi mwenyewe niliandika kwa mkono wangu: "Shemeji namba moja."

Alikuwepo mteja, dada wa duka la dawa, mpole, anakuja kila wiki ya tatu kusuka twende kilioni. Alikuwa anapenda kiti cha ndani kisichoonekana kutoka barabarani. Simu anailaza kifudifudi mapajani, ikitetemeka anaitazama bila kuigusa. Joto la Januari, yeye mikono mirefu. Haya yote niliyaona, mimi ninayekodisha upelelezi kwa mia tano, nikasema huyu ni mtu wa haya. Nikamchagulia kitabu mwenyewe. "Chukua hiki, mdogo wangu. Utalala saa nane za usiku."

Alikirudisha baada ya siku mbili. Hakuchukua kingine. Aliinama kwenye daftari, akaandika, akaondoka. Jioni wasusi walilifungua kama kawaida yao na kusoma kwa sauti. Chini ya swali la shemeji palikuwa na maneno haya: "Huyu ninaye. Ananipigia mpaka kazini."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Anaringa! Ana mume anayempenda kiasi hicho!" Na mimi nikacheka. Nilikuwa nahesabu hela za siku, nikacheka bila kuinua kichwa. Ni nyumbani, naosha vyombo, ndipo lile neno "ninaye" likanirudia.

Wiki ya tatu hakuja. Ya sita hakuja. Namba yake haikupatikana, na duka la dawa wakaniambia aliacha kazi. Nikakitoa kile kitabu kabatini nikataka kukitupa. Mwalimu akanizuia. Alisema watu wazima wana haki ya kuota wanachokijua kuwa ni ndoto, na kosa langu lilikuwa kukigawa kama pipi bila kumtazama ninayempa. Tulibishana mwezi mzima. Nusu yangu bado haijakubali, lakini kitabu kilirudi.

Nilichobadilisha ni hiki. Kila kitabu sasa kina bahasha ndogo imegandishwa ndani ya jalada la nyuma, na humo nimeandika: kuna kupigwa, kuna kubakwa, mtoto anakufa, mpenzi anafuatilia mtu kwa siri. Simtaji nani wala ukurasa. Mwanzoni niliviandika wazi kwenye jalada la mbele, kundi la nani-kaua likaja juu, kwamba ukishasema mtoto anakufa umewapunguzia uhondo, na wana haki yao. Mwingine akanicheka kwamba nimeweka onyo kama la pakiti ya sigara. Bahasha iliwatuliza: anayetaka anafungua, asiyetaka anaacha. Mstari wa mwisho ndani ya kila bahasha unasema vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwamba kiti cha ndani kipo hata kwa asiyesuka. Sijui nani amesoma. Nyingi nimezikuta zimefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ya kucha.

Swali la shemeji nilifikiria kulifuta. Sikulifuta. Niliongeza neno moja tu, "kwa nini", na majibu yakawa marefu na ya polepole zaidi.

Alirudi mwaka jana, siku ya wiki isiyo na watu. Kanyoa, nywele za wiki mbili. "Sina cha kusuka," akasema. "Nimekuja kuazima." Nilikuwa nimejipangia maneno ya kumwomba radhi kwa miezi mingi, na yote yalinikwama. Nikasema "Karibu, mdogo wangu," nikaenda kumvutia kiti cha ndani. Akanitangulia akakaa kile cha dirishani, simu kaiweka juu ya meza, uso juu.

"Una chenye maiti tu?" akauliza. "Mapenzi nimeyapumzisha."

Nikamtolea Mzimu wa Watu wa Kale wa baba, ambao huwa hautoki nje ya mlango. Amana sikuidai. Alikisoma palepale mpaka saa kumi na moja, mara mbili nikamsikia akicheka peke yake, kisha akasimama, akaandika, akaniaga. Nilingoja gari lake liondoke kituoni ndipo nikafungua daftari.

Ulishuka kituo gani? "Sijashuka. Kesho nakuja kumalizia."

Ulimshuku muuaji kuanzia ukurasa gani? "Wa 30. Nahisi nimekosea."

Swali la shemeji alikuwa ameliruka. Ila pembeni yake, kwa mwandiko mdogo: "Huyu Bwana Msa ana mke?"